Malalamiko Sifuri

Kila asubuhi Fundi Kufuli alitandika gunia mbele ya hema lake na kupanga vyombo vyake: tupa, koleo, nyundo ndogo na kopo la mafuta. Unaweza kucheka, kwa sababu mahema ya kambi ile hayakuwa na mlango hata mmoja wa kufunga. Lakini watu waliokimbia mafuriko walikuja na masanduku yao ya bati. Masanduku yana makufuli. Na kufuli lililolala kwenye tope wiki nzima halifunguki kwa kubembelezwa.

"Ukilifungua usichungulie ndani," jirani mmoja alimwambia.

"Nichungulie nini? Sufuria zako mbili nishaziona zote," Fundi alijibu, na wote wakacheka.

Ndani ya hema, mkewe hakucheka. Alikuwa amekaa, mguu wa kulia ameunyoosha, akichagua maharage. Mguu ule ulivunjika ukuta wa nyumba yao ulipoanguka, na ulipona vibaya. Sasa alitembea kwa magongo mawili, polepole.

Fundi alikitazama kikombe cha maji alichomwekea tangu alfajiri. Kilikuwa kimejaa vilevile.

"Mke wangu, hunywi?"

"Sina kiu."

"Kwa jua hili?"

"Nimesema sina kiu, bwana. Unataka niape?"

Fundi alikifunika kile kikombe. Sababu aliijua. Vyoo vya kambi vilijengwa juu, kwa kuwa ardhi ilikuwa imejaa maji. Kufika mlangoni kulikuwa na ngazi saba, bila chochote cha kushikilia. Siku moja mkewe alizipanda kwa makalio, moja baada ya nyingine, foleni nzima ikimtazama. Alirudi hemani akalia mpaka macho yakavimba. Tangu siku hiyo alikunywa funda moja asubuhi na funda moja jioni, basi. Aliona kwamba asipokunywa, hatakuwa na haja ya kwenda msalani.

Sasa usidhani Fundi alikaa kimya. Kwenye ukuta wa ofisi ya kambi palitundikwa sanduku la chuma. Liliandikwa kwa rangi nyekundu: SANDUKU LA MAONI. SAUTI YAKO NI MUHIMU KWETU. Fundi aliandika barua: "Mke wangu anatembea kwa magongo. Ngazi saba haziwezi. Tunaomba choo kimoja cha chini, chenye vyuma vya kushikilia." Akaitumbukiza. Akangoja mwezi mzima. Kimya. Akaandika ya pili. Kimya. Ya tatu aliiandika kwa kalamu nyekundu, labda wangeiona vizuri zaidi. Wapi! Wakubwa walitulia kama maji mtungini.

Na kando ya sanduku palikuwa na ubao mweupe. Kila mwisho wa mwezi karani alitoka nje, akaandika: MALALAMIKO YA MWEZI HUU: 0.

"Labda yangu si malalamiko," Fundi alimwambia mkewe. "Labda wameona ni shairi."

Jumanne moja mkewe aliamka akitetemeka kwa homa. Mgongo ulimuuma, na alipokojoa alisikia moto. Majirani walimbeba mpaka zahanati ya kambi. Daktari alimpima, akamtundikia dripu.

"Mama, una maambukizo kwenye njia ya mkojo, na yamepanda mpaka kwenye figo," daktari alisema. "Kwa siku unakunywa maji kiasi gani?"

Mkewe aligeuza uso. Fundi ndiye aliyejibu.

"Mafunda mawili."

"Mawili! Mwili unahitaji maji ili kutoa uchafu. Na mkojo haufai kubanwa siku nzima. Mara hii dawa zitamponya. Lakini akiacha maji tena, atarudi hapa. Figo zikiharibika kabisa, mimi sina figo nyingine za kumpa."

Fundi alitoka pale damu ikimchemka. Alikwenda hemani kuchukua shuka. Mbele ya hema alimkuta binti amesimama, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mimi ni mtafiti. Tunachunguza jinsi mashirika yanavyowasiliana na watu waliopatwa na maafa, ili mawasiliano hayo yawe bora. Naomba dakika ishirini tu."

"Marahaba. Uliza."

"Je, unalijua sanduku la maoni?"

"Nalijua."

"Je, unaridhika nalo sana, kiasi, au kidogo?"

Hapo Fundi alilipuka.

"Binti, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Sana, kiasi, kidogo! Mke wangu amelazwa na dripu mkononi! Alikuja kijana mmoja hapa na karatasi zake, kama wewe. Akaniuliza kama mambo ni mazuri. Nikasema ndiyo, mazuri. Unajua kwa nini? Niliogopa jina langu litafutwa kwenye orodha ya chakula! Akaiandika ndiyo yangu, akaenda zake, hata kivuli chake sijakiona tena. Mnakuja, mnachota maneno yetu, mnaondoka nayo. Yanakwenda wapi? Mnayala?"

Majirani walitoka mahemani. Mtafiti alikizima kishikwambi, akaketi chini, pale pale kwenye udongo.

"Mzee, una haki ya kukasirika," alisema. "Nimeanza na maswali, na kumbe nilipaswa kuanza na haki zako. Nisamehe. Hulazimiki kunijibu. Ukikataa, chakula chako hakiguswi, na jina lako halifutwi. Ukikubali, una haki ya kuuliza majibu yako yanakwenda kwa nani, na yatarudi kwako lini. Utafiti usiorudi kwa watu waliojibu ni nusu ya kazi."

"Nusu? Sema robo!" mama mmoja alidakia kwa nyuma.

"Haya, robo. Sasa mzee, nieleze habari za hilo sanduku."

"Sikuelezi. Twende ukalione."

Wakaenda, na majirani nyuma yao. Fundi alikuwa amesimama mbele ya sanduku lile mara tatu, lakini kila mara macho yake yalikuwa kwenye barua yake. Leo, kwa mara ya kwanza, aliinama akalikagua kufuli lenyewe, kama anavyokagua kufuli la mteja. Akaganda. Tundu la ufunguo lilikuwa limezibwa na udongo mgumu, mkavu. Nyigu alikuwa amejenga humo.

"Mungu wangu," Fundi alisema. "Binti, tazama hapa. Nyigu hawezi kujenga kwenye tundu linaloingizwa ufunguo. Huyu amejenga, ametaga mayai, wanawe wamekua na wamesharuka! Kufuli hili halijafunguliwa miezi na miezi. Sisi tumekuwa tukimwandikia nyigu!"

Makelele yalimtoa mkuu wa kambi ofisini, karani nyuma yake.

"Kuna nini?"

"Fungua sanduku," Fundi alisema.

"Ufunguo anao karani."

"Mimi?" Karani alishtuka. "Nilijua unao wewe, mkuu."

Wakatazamana. Ikabainika kwamba ufunguo aliondoka nao afisa wa kwanza, mkataba wake ulipoisha. Hakuna aliyemuuliza.

"Na hiyo sifuri ubaoni?" mtafiti aliuliza.

"Hakuna barua iliyofika mezani kwangu," karani alijibu kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana nikaandika sifuri."

Watu walizomea. Fundi alinyoosha kidole kwa mkuu wa kambi.

"Kufuli hili ningeweza kulifungua siku ya kwanza, kufumba na kufumbua. Sikuligusa kwa sababu si mali yangu. Leo niambie wewe mwenyewe, mbele za watu."

"Lifungue," mkuu wa kambi alisema.

Fundi aliukwangua udongo, akaingiza waya, akazungusha. Kufuli likaachia. Barua zikamwagika miguuni mwao, hamsini na nane. Mmoja aliomba taa njia ya chooni, mabinti zake wanaogopa giza. Mwingine alilalamika kwamba mgawa chakula anawatukana wajane. Na katikati ya barua palikuwa na kishikio kidogo cha bomba la maji, kimevunjika. Mwenyewe hakujua kuandika, basi akaleta bomba lijieleze.

Fundi aliokota barua zake tatu, akampa mkuu wa kambi.

"Soma. Kwa sauti."

Mkuu akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akamaliza na ile ya kalamu nyekundu.

"Ile ya kwanza, tarehe gani?"

"Ni ya… miezi minne iliyopita."

"Miezi minne! Miezi minne mmevaa miwani ya mbao, na mke wangu anakauka kwa kiu ndani ya kambi yenye maji! Mlipoona sifuri mkafurahi. Hamkushangaa watu elfu mbili, waliopoteza kila kitu, wakose hata neno moja la kulalamika?"

Mkuu wa kambi alizikunja zile barua. Alisema "samahani", na ilimtoka kwa shida.

"Samahani tumeisikia," mtafiti alisema. "Sasa tufanye kazi. Ninyi wenyewe, mngependa kusema kwa njia gani? Na kujibiwa vipi?"

Hapo ndipo maneno yalipoanza kutoka. Bibi mmoja alisema yeye hasomi, anataka mtu wa kumtazama usoni. Mama mmoja alisema mambo ya wanawake hawezi kuyasema mbele ya wanaume, wawe na kikao chao. Wengine walitaka namba ya simu isiyotoza. Wasioweza kutembea wafuatwe mahemani.

"Na sanduku liwe na makufuli mawili," Fundi alisema. "Ufunguo mmoja ofisini, mmoja kwa kamati tutakayoichagua sisi wenyewe. Lifunguliwe kila Ijumaa, sote tukiona. Na kila barua ijibiwe. Hata kama jibu ni hapana, tuambieni hapana, na mtuambie kwa nini."

Mkuu wa kambi aliyaandika yote, akaweka sahihi. Mtafiti naye aliahidi kurudi kuwasomea ripoti yake. Wiki mbili baadaye choo cha chini kilikuwa kimejengwa, karibu na mahema. Njia yake ilikuwa ya saruji, mteremko mdogo, vyuma huku na huku. Mkewe Fundi, aliyekwisha kupona, alikwenda kukijaribu siku ile ile. Aliporudi aliomba maji.

Miezi miwili ikapita, na mtafiti akarudi kama alivyoahidi. Kusema kweli, wengi hawakumtarajia. Watu walikaa kwenye mikeka, mkewe Fundi mbele kabisa, jagi la maji pembeni yake. Mtafiti aliwasomea ripoti kabla ya kuipeleka kwa wakubwa, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Akafika hapa: "Baadhi ya wanawake walikunywa maji kidogo kwa kukosa elimu ya afya."

Mkewe Fundi aliinua gongo moja juu.

"Simama hapo hapo! Nani kakwambia nilikosa elimu? Nilijua vizuri mwili unataka maji. Nilikosa choo! Na tulisema, mara tatu, kwa maandishi. Futa hilo."

Mtafiti alichukua kalamu, akafuta.

"Niandike nini, mama?"

"Andika hivi: Walijua. Walisema. Hawakusikilizwa."

Mtafiti aliandika, kisha akasoma tena kwa sauti, neno kwa neno. Mkuu wa kambi aliinamisha kichwa. Mkewe Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaridhika, akajiinua kwa magongo yake.

"Sasa sawa," alisema. "Haya, nipisheni njia. Tangu mkutano uanze nimekunywa vikombe vitatu."