Maji Chini ya Kiti cha Abiria

Mama Cherehani alifagia nyumba, akanywa chai peke yake. Tangu mumewe afariki, redio haikuzimwa humo ndani. Alitaka asikie sauti ya mtu. Kisha alitoka na jagi, akafungua boneti ya gari kuukuu aliloachiwa na marehemu, akaongeza maji kwenye rejeta. Kila asubuhi maji yalikuwa yamepungua, na chini ya gari pakavu kabisa.

"Wewe gari au ngamia?" aliliuliza.

Ndugu aliyembakia ni mmoja tu, mdogo wake wa kike. Aliishi mlimani, peke yake, na mguu ulimsumbua. Jumamosi kadhaa Mama Cherehani alifunga safari kwenda kumwona. Kila mara gari lilichemka njiani, akarudi. Mara ya mwisho mdogo wake alimwambia kwenye simu, "Dada, kama hutaki kuja, sema tu. Usisingizie gari." Tangu siku hiyo hakupokea simu tena. Mama Cherehani aliogopa kumpoteza na huyo.

Asubuhi moja jirani yake alimgongea mlango. Alikuwa binti aliyekuwa fundi wa magari, mtaani wakimwita Spana.

"Shikamoo mama. Naomba lifti hadi gereji."

"Marahaba mwanangu, ingia. Usishangae ukungu wa kioo. Nikiwasha hita, pumzi zangu zinajaa humu."

Spana aliketi, mara akainua miguu juu.

"Mama! Mbona huku kuna bwawa? Viatu vimelowa chapachapa!"

Mama Cherehani alishtuka. Hakuwa na habari.

"Hapo hapakai mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Tangu mzee aondoke, hapakai mtu."

Spana alipitisha kidole kwenye kioo, akanusa.

"Hizi si pumzi, mama. Pumzi hazinati. Na harufu hii tamu ni ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini."

"Lakini chini ya gari pakavu!"

"Yanavujia ndani. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita. Maji moto ya injini yanapita humo, ndiyo unapata joto. Mpira unaopitisha maji hayo ukichakaa, yanamwagikia zuliani. Injini ikikosa maji, inachemka. Ukiilazimisha, itakufa."

"Mimi naongeza maji kila siku."

"Unajaza ndoo iliyotoboka. Tena maji matupu yanaleta kutu. Na usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yataruka, yakuunguze uso."

Walipofika gereji, walisubiri injini ipoe. Spana aliweka beseni, akafungua dashibodi. Mama Cherehani alimshikia tochi. Alifurahi kuambiwa, "Mama, mulika huku," maana ni muda mrefu hakuna aliyemhitaji kwa lolote. Mpira ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu. Spana aliweka mpira mpya na klipu mpya, akajaza kulanti na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu. Aliwasha injini na hita ili hewa itoke, akakagua tena. Hakukuwa na tone.

"Hii iliyomwagika tuifute yote," alisema. "Ni sumu, na utamu wake unawavuta watoto na mbwa."

Waliosha zulia, wakalianika juani. Tangu hapo Mama Cherehani hukagua maji kabla ya kuwasha gari, injini ikiwa baridi.

Jumamosi alipanda mlima. Hita ilimpa joto, kioo kilikuwa safi, na mshale wa joto haukupanda. Njia nzima hakuwa na wa kuzungumza naye.

Mdogo wake alikuwa ameketi mlangoni, amevaa gauni zuri na kujifunika shuka. Hakuinuka.

"Leo halikuchemka?"

"Halikuchemka. Limetengenezwa."

"Kumbe lilikuwa bovu kweli."

"Kweli, mdogo wangu. Na gauni hilo, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Kila Jumamosi navaa, nakaa hapa. Giza likiingia nalivua."

Mama Cherehani machozi yalimtoka. Aliketi kizingitini, akaushika mkono wa mdogo wake. Ulikuwa wa baridi.

"Jumamosi ijayo usikae nje," alisema. "Ningoje ndani. Nitakuja."