Nani Anamaliza Betri?

Watu walimwita Fundi Pindo kwa sababu alishona sare za shule, na pindo lake lilikuwa halifumuki. Suruali ingechakaa magotini, lakini pindo lingebaki palepale. Nyumbani alikuwa na mke, cherehani na gari kuukuu. Cherehani ilimpa riziki. Gari lilikuwa na kazi moja kubwa: kumpeleka mkewe hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimechoka. Hospitali ilikuwa mbali, na siku ya kusafishwa haikuwa siku ya kukosa.

Asubuhi moja, mkewe akiwa ameshaketi garini, Fundi Pindo alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mdogo, tik, likanyamaza.

"Jamani, betri hii si mpya?" alimaka. Kisha akamgeukia mkewe. "Ni wewe. Juzi ulikaa humu ukasikiliza redio."

"Niliizima, baba watoto."

"Uliizima! Basi umeme kaunywa nani? Mimi?"

Majirani waliokuja kusukuma gari walisikia yote. Mke aliinamisha kichwa. Akasema jambo moja tu: "Mbona kiti hiki kina joto, na gari halijawaka?"

"Ni homa yako hiyo," akajibu mumewe bila hata kugusa kiti.

Walisukuma mpaka jasho likawatoka. Gari halikuwaka. Walipopata usafiri mwingine, zamu ya mama yule kwenye mashine ilikuwa imepita. Wakaambiwa warudi kesho.

Mchana ule miguu ya mama ilivimba. Akilala chali, pumzi zinampanda juu juu. Fundi Pindo alimwekea mito mgongoni, akakaa kando yake. Aliogopa, na hofu ile ilimwondolea ubishi wote. Kama gari halingewaka tena kesho, je? Akaenda kwa jirani.

Jirani yao alikuwa mwanamke kijana, fundi wa umeme wa magari. Aliichukua betri, akaichaji, akaipima. Alasiri akairudisha garini, akawasha injini, akapima tena, kisha akazima.

"Betri ni nzima, baba," alisema. "Na injini ikizunguka, inachaji vizuri. Basi kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limelala."

"Kitu gani hicho cha kulaza gari zima?"

"Chaweza kuwa kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukikausha. Gari likikaa siku mbili tatu, betri inaisha."

Mke aliomba kiti, akaketi mlangoni ili aone mwenyewe.

Fundi wa umeme alizima kila kitu, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akafungua boneti na kutoa waya wa hasi kwenye betri. Ncha moja ya mita akaigusisha kwenye betri, na ncha nyingine kwenye waya alioutoa.

"Sasa umeme wote unaotoka lazima upite kwenye mita," alieleza. "Saa hii usiwashe gari wala taa, mita itaungua. Tusubiri kidogo, vifaa vingine huchelewa kulala. Kwa gari kama hili namba iwe karibu na sifuri."

Wakasubiri. Mita ilionyesha nusu ampia.

"Umeona? Ni nyingi mno."

Akafungua kisanduku cha fyuzi. Alichomoa fyuzi moja, akatazama mita, akairudisha mahali pake, akachomoa nyingine. "Namba ikishuka ghafla, ujue mwizi yuko kwenye njia ya fyuzi hiyo."

Ilipofika fyuzi ya redio, Fundi Pindo alikodoa macho. Namba haikutikisika.

"Redio haina kosa," alisema fundi wa umeme.

Fyuzi zikaisha, na namba ilikuwa ileile. "Basi kuna waya uliopita mlango wa uani, haupiti kwenye fyuzi," alisema fundi wa umeme. Akapapasa kwenye betri, akavuta waya mwembamba. Ulikuwa umevishwa kitambaa cha kaki, kimeshonwa vizuri, mishono miwili miwili.

Fundi Pindo akainama kuutazama. Mishono ile aliijua. Shule zilipokaribia kufunguliwa, alifunga kipaza sauti juu ya gari ili apite mitaani akitangaza sare. Baadaye alikiondoa. Lakini mashine ya kukuza sauti aliiacha chini ya kiti cha mkewe, ikiwa bado imeungwa kwenye betri, akaisahau.

Fundi wa umeme aliingiza mkono chini ya kiti. "Ina joto," alisema.

"Nilimwambia," mama alijibu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba. Nawe ndiye mshonaji!"

Fundi Pindo hakuweza kucheka. Waya ulipotolewa, namba ikaanguka karibu na sifuri.

"Ukifunga kifaa kingine," alisema fundi wa umeme, "kipite kwenye fyuzi, na kizimike ukitoa ufunguo. Waya usio na fyuzi waweza hata kuunguza gari. Na betri ikiisha, usikimbilie kununua nyingine. Pima kwanza."

Fundi Pindo alimsogelea mkewe. "Nisamehe," alinong'ona.

"Ulinilaumu kwa sauti, baba watoto. Niombe radhi kwa sauti."

Majirani walikuwa wamesimama uani wakitazama. Fundi Pindo akawageukia. "Jamani, mke wangu hakumaliza betri. Waya nilifunga mimi. Nilimwonea."

Kesho yake gari liliwaka, mama akasafishwa damu, na uvimbe ukashuka. Hata hivyo Fundi Pindo hakutulia. Gari lililala siku kadhaa bila kuguswa. Siku ya hospitali ilipofika, alizungusha ufunguo huku amebana pumzi. Likawaka mara moja.

"Leo mmewahi," muuguzi alisema, akimwunganisha mama kwenye mashine.

Fundi Pindo alisimama kando ya kitanda. Kazi ilikuwa ikimsubiri, lakini miguu ilikuwa mizito kuondoka. Mkewe akamtazama.

"Nenda kashone," alisema. "Ukirudi utanikuta."