Zamu Yako, Mandera

Jumatano moja ya Septemba 1996, Soko Mugdi la Garissa lilikuwa limejaa hadi watu wakawa wanapita kwa ubavu. Wanawake wa maziwa ya ngamia walikaa na madumu yao pembeni, moshi wa ubani ulitoka katika duka la manukato, na muuza mitumba alikuwa amefungua robota jipya, akiita wateja kwa sauti iliyokwisha kukauka. Juu ya rundo la mashuka kulikuwa na kisanduku cha mbao. Mikono miwili ilikishika kwa wakati mmoja.

Mkono mmoja ulikuwa wa Maow, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kikoi cha mistari ya buluu. Wa pili ulikuwa wa msichana mrefu mwenye jilbabu ya kijani, hina ikianza kufifia vidoleni mwake.

"Dada, nilikiona kwanza," Maow akasema.

"Ulikiona. Mimi nimekishika. Na unajua ni cha nini?"

"Ni sataranji. Nilifundishwa na mwalimu wetu wa darasa la jioni."

"Kufundishwa na kujua ni vitu viwili, walaal."

Aliposema walaal, yaani ndugu, alitabasamu kidogo. Maow akaona haya, lakini hakuachia kisanduku.

Muuza mitumba akachoka nao. "Chezeni hapo pembeni. Atakayeshinda ndiye nitakayemuuzia. Ila msinikalie mashuka."

Wakapanga. Askari mmoja alikosekana, wakaweka kizibo cha soda mahali pake. Maow alicheza kama alivyozoea, mkono mbele, akili nyuma. Katika hatua ya tatu alimtoa malkia. Katika hatua ya sita akamsahau mfalme. Hatua ya kumi na nne msichana alisogeza farasi, akakunja mikono yake ndani ya jilbabu, na mfalme wa Maow akawa hana pa kwenda.

"Malkia wako alitoka nyumbani kabla hajavaa viatu," alisema.

Maow akaanza kupanga vipande upya. Kisha akasema, "Tena."

Msichana akainua kichwa. "Rudia hilo neno."

"Tena?"

"Wewe ni Garissa."

Maow akashtuka. Aliitambua sauti hiyo sasa, ijapokuwa haikuwa na mikwaruzo ya redio. "Na wewe ni Mandera."

Siku zile simu zilikuwa chache, na watu wa kaskazini walitumiana habari kwa taar, yaani redio za kupigiana zilizokuwa katika maduka, ambamo kila msemaji alimaliza kwa neno ova ili mwenzake ajibu. Maow alishika redio katika duka la Adeer Yarow, yaani ami Yarow, hapo Garissa. Bishara, kwa maana hilo ndilo jina la msichana, alishika redio ya baba yake huko Mandera. Kwa miezi minane walikuwa wakipokezana habari za harusi, za misiba na za bei ya mbuzi, bila kuonana hata mara moja.

"Nilidhani wewe ni mtu mnene," Bishara akasema.

"Kwa nini?"

"Unapumua sana kabla ya kusema ova."

Alikuwa amekuja Garissa kumwona shangazi yake mgonjwa, na keshoye alirudi kwao na kisanduku chake. Maow alikata maboksi ya majani ya chai, akachora ubao kwa kalamu, akajitengenezea vipande vya karatasi ngumu. Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja na nusu jioni, wateja walipokwisha, aliita.

"Mandera, Mandera, hii ni Garissa. Askari, E nne. Ova."

Mikwaruzo. Halafu kicheko.

"Garissa, nimekupata. Nawe askari wangu anakungoja E tano. Ova."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila jioni isipokuwa Ijumaa walicheza hadi Magharibi ilipokaribia. Baba yake Bishara alikuwa amemuuliza sheikh kuhusu mchezo huo, na sheikh akamjibu kwamba pasiwe na kamari, pasiwe na matusi, na usicheleweshe sala hata moja. Baba akamwambia binti yake, "Siku mchezo huu utakapoigusa sala, redio nitaifunga mimi mwenyewe." Bishara hakuona kuwa ni sharti gumu. Hata bila kuambiwa, asingefanya vinginevyo.

Redio haina mlango. Aliyekuwa katika masafa yale alisikia kila kitu, na aliyesikia zaidi ni Rage, mshika redio wa mji mdogo wa Bute, mtu mpweke mwenye maneno mengi.

"Bute hapa. Maow, usimguse farasi huyo. Ova."

"Bute, hukualikwa. Ova."

"Sikualikwa, lakini nina macho. Ova."

"Macho gani kwenye redio, Rage? Ova."

Maow alishindwa mara saba. Baada ya mara ya saba Bishara alimuuliza, "Nikuambie ukweli au nikubembeleze? Ova."

"Anza na ukweli, macaanto. Ukinibembeleza baadaye sitakataa. Ova."

Macaanto ni neno la Kisomali analoitwa mtu aliye mtamu moyoni. Ilikuwa mara ya kwanza kulitumia.

Bishara akakohoa kidogo. "Huandiki michezo yako. Ukishindwa unaondoka, kama mtu anayekimbia nyumba iliyobomoka bila kutazama ni nguzo gani iliyooza. Pili, unacheza haraka. Mimi sijamaliza kusema ova, wewe umeshasogeza. Kalia mkono wako. Tatu, unatazama unachotaka wewe. Hujiulizi mimi nataka nini. Ova."

"Nne hakuna? Ova."

"Nne, mfalme wako mfiche mapema. Watoto wote wa Mandera wanajua anakaa wapi. Ova."

Maow alinunua daftari la kurasa tisini na sita. Akaandika kila hatua, yake na ya Bishara, kwa mwandiko wa polepole aliojifunza ukubwani. Usiku, baada ya sala, alirudia mchezo uliopotea mpaka afike pale palipoharibika, akapapigia mstari. Na kweli alikalia mkono. Adeer Yarow alimkuta siku moja ameketi hivyo mbele ya redio, akamuuliza kama ameumia.

"Najifunza kungoja, adeer."

"Mwanamke gani huyo anayefundisha kwa redio? Mimi mke wangu yuko nyumba moja nami na hajafaulu."

Mwezi wa Novemba Maow alitoka sare mara mbili. Jioni ya sare ya pili alipumua sana, kama kawaida yake.

"Bishara, nataka wazee wangu waje kuzungumza na baba yako. Ova."

"Bute imesikia. Ova," Rage akasema.

"Bute, ziba masikio," Bishara akajibu. "Garissa, nitamwambia aabo. Utapata jibu kabla ya Ramadhani. Ova."

Baba yake alimsikiliza hadi mwisho, akizungusha tasbihi. "Mimi simjui kijana huyo," alisema. "Wewe unamsikia kila siku. Niambie ni mtu wa namna gani. Ukisema ni mwema, wazee wake nitawapokea. Ukisema siye, nitawarudisha, na sitakuuliza mara ya pili."

Kwa hiyo jambo lote likawa mikononi mwa Bishara. Alikuwa tayari kusema ndiyo. Alitaka tu kuingoja Ijumaa, siku baba yake anapokuwa na nafasi.

Alhamisi, katikati ya Desemba, Maow alicheza mchezo wake bora kuliko yote. Mfalme wake alikuwa amefichwa, malkia ametulia nyumbani, na kwa subira aliyoipigania miezi mitatu akaipata ngome ya Bishara bure. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili na dakika tano.

Ghafla Bishara akasema, "Adhana. Naondoka. Ova."

Maow alitazama nje. Jua la Garissa lilikuwa bado juu ya mapaa ya mabati, na muadhini alikuwa kibarazani akinywa chai. Akacheka, halafu akakasirika. Mtu wa kwanza kumwambia kwamba huwa anakimbia akishindwa alikuwa ni yeye huyu.

"Mandera, adhana gani? Zamu yako. Rudi ucheze. Ova." Hakujibiwa. "Mandera, usikimbie. Ngome imekwenda, usikimbie. Ova."

Huko Mandera Bishara alikuwa amesimama kando ya redio, jilbabu mkononi, akinyoosha mkono kuizima. Adhana ilikuwa ikitoka msikitini, kubwa na tulivu, na juu yake sauti ya mtu anayempenda ilikuwa ikiita ngome. Aliizima. Alisali, na katika sijida alilia.

Siku ya pili haikuwa siku ya mchezo, lakini alifungua redio.

"Jana ulikimbia," Maow akaanza. "Ova."

"Jana nilikwenda kusali. Ova."

"Kabla ya adhana? Ova."

"Kabla? Maow, nilikusikia kwa masikio yangu ukiniita huku muadhini anaadhini. Ova."

"Sikusikia muadhini yeyote. Ova."

"Hukumsikia kwa sababu ulikuwa ukisikiliza ngome yangu. Ova."

"Wallahi, Bishara, hakuna aliye..."

"Usiape. Ningesamehe mchezo. Siwezi kuishi na mtu anayeipita adhana kisha anaapa kwamba haikuwapo. Usitume wazee. Ova."

Maow alikaa na kipaza sauti mkononi. Alitaka kusema mambo kumi, na yote yalikuwa ya hasira. Baadaye sauti ya Rage ikaja polepole. "Bute haimo katika maneno haya. Ova."

Tangu siku hiyo aliyeshika redio ya Mandera alikuwa Nunow, kaka yake Bishara. Alipokea habari za mbuzi na za misiba, na akiulizwa jingine alisema laini ni mbaya. Bishara alikuwa hajamwambia baba yake neno la mwisho. Kila alipotaka kusema, alijitafutia kazi nyingine ya kufanya. Ubao aliufunika kwa kitambaa, vipande vikiwa vilevile vilivyoachwa.

Ramadhani iliingia Januari. Jioni ya futari ya kwanza Maow na Adeer Yarow walikaa dukani na sahani ya tende, sambusa zilizofunikwa na birika la maji. Redio ilikuwa wazi, maana mteja mmoja alingoja habari ya mzigo. Nunow alikuwa akisoma namba za magunia, akakatiza.

"Garissa, subiri. Tunafungua sasa. Ova."

Na nyuma yake, safi kabisa, ikaja adhana.

Maow akachukua tende. Adeer Yarow akamshika mkono. "Weka chini. Bado robo saa."

"Mandera wanafungua, adeer."

"Na wafungue. Wao wako mashariki, kwao jua huzama kwanza. Wakati huu wa mwaka hututangulia kwa robo saa nzima. Kwani hujui?"

Maow alizaliwa Garissa, na mbali zaidi alikofika ni Wajir. Alijua kusali, hakuwahi kujiuliza Mandera wanasali saa ngapi. Alitazama saa, akatazama tende, akairudisha sahanini. Miezi mitatu alikuwa amefundishwa kutazama ubao kwa upande wa pili.

Mkono wake ulikwenda kwenye redio. Kisha akauvuta, akaukalia. Bishara alikuwa katika sala, na baadaye kuna futari na tarawehe. Maow aliingoja adhana yake, akafungua kwa tende tatu, akaenda msikitini. Humo alimwomba Mungu maneno machache na mazuri.

Asubuhi saa tatu aliita vituo vyote.

"Mandera, Bute, yeyote anayesikia, hii ni Garissa. Nunow, usiniambie laini ni mbaya. Ongeza sauti ili dada yako asikie. Ova."

"Laini ni..." Nunow akaacha. "Nimeongeza. Ova."

"Nilisema Bishara alikimbia, na nilisema watu wakisikia. Kwa hiyo nasema tena wakisikia. Hakukimbia. Kwao ilikuwa Magharibi, kwetu jua lilikuwa bado. Jana ndipo nilipojifunza. Mwanamke aliniambia adhana imeadhiniwa, nami badala ya kumwamini nikamhesabia ngome. Bishara, nisamehe. Ova."

Rage alisikika akipiga chafya na kuomba radhi.

"Siku ile," Bishara akasema mwishowe, "ulisali Magharibi wapi? Ova."

"Msikitini, safu ya pili. Nilikuwa na hasira, lakini nilisali. Ova."

Adeer Yarow akamnyang'anya kipaza sauti. "Alisimama kando yangu akinikanyaga kidole. Ova."

Bishara alicheka, na kicheko kikavunjika katikati. "Basi mimi nimekosa zaidi. Nilikuita mwongo, nami najua dunia ni duara tangu darasa la nne. Nisamehe, Maow. Ova."

"Nimekusamehe, macaanto. Bado nasikia vibaya sana tumboni, lakini nimekusamehe. Ova."

"Hiyo ni saumu. Ova," Rage akasema.

"Maow," Bishara akaendelea, "ule mchezo nimeutazama mwezi mzima. Hakuna njia. Umeshinda. Sasa wazee wako waje baada ya Idi. Aabo bado ananisubiri. Ova."

Wakaja. Walisafiri siku mbili kwa basi lililosindikizwa na polisi, kupitia Wajir na El Wak, Adeer Yarow mbele na kanzu yake mpya, Maow nyuma na vumbi hadi kwenye kope. Huko Mandera wazee waliingizwa sebuleni. Maow, kama desturi ilivyo, alikalishwa uani juu ya mkeka pamoja na Nunow, akapewa chai ya maziwa yenye iliki.

Kupitia ukutani alisikia sauti za wazee zikipanda na kushuka, salamu ndefu, nasaba, dua. Kisha kukawa kimya. Alijua maana yake. Baba alikuwa amemwita binti yake mlangoni kumuuliza. Watu husema msichana akiulizwa habari ya ndoa na akanyamaza, amekubali, na wazee walikwisha kutayarisha mikono yao kwa Fatiha, wakikingoja kimya hicho.

Bishara hakunyamaza.

"Ndiyo, aabo," alisema, kwa sauti iliyofika sebuleni, ikapita ukuta, ikafika uani. "Nimemsikiliza vya kutosha. Ni mtu mwema, na namtaka."