Udi wa Bibi Ruqaiya

Kijiti cha udi kilikuwa kinafuka moshi ndani ya pakiti iliyofungwa. Wamuyu aliipasua pakiti, akakuta kijiti kizima, hakijaungua hata ncha, na bado moshi ulikuwa unatoka. Akakizamisha kwenye kikombe chake cha chai.

"Ni unyevu tu," alisema.

Sundus, mchanganyaji wa manukato, alifunga mlango wa maabara kabla ya kujibu.

"Si unyevu, madam. Hiyo harufu ni ya nyumbani kwetu. Umeitoa wapi?"

Wamuyu alijua vizuri alikoitoa. Kiwanda chao cha sabuni pale Nakuru kilikuwa kimehangaika muda mrefu na udi wa vijiti. Kwenye pakiti vilinukia, vikiwashwa vilinuka kama nywele zilizoungua. Viongozi wawili wa mradi walishashindwa. Wamuyu, binti wa Gilgil, akaupokea, na mkurugenzi Peterson akamwambia wazi kwamba ukikwama tena, asirudi kazini. Alikuwa na bidii, hilo silikatai. Lakini hata mwizi ana bidii.

Kwani Bibi Ruqaiya, nyanya yake Sundus, alipofariki, wafanyakazi walikwenda kwao, mtaa wa Bondeni, kutoa pole. Wanawake wakiwa wanasoma hitima sebuleni, Wamuyu alifuata harufu hadi chumba cha nyuma, akakuta chetezo na kopo la udi uliokandwa kwa mkono. Akalitia kopo zima mkobani, akarudi kuketi na wafiwa. Unakunywa chai ya msiba ya watu na huku unawaibia! Kipande kidogo kilichunguzwa maabara, kilichobaki kikasagwa ndani ya unga wa vijiti. Harufu ikashika. Peterson akampigia makofi mbele ya wote.

"Kila jini ana udi wake," Sundus alinong'ona. "Huo ni wa yule wa nyanya. Alikuwa anamfukizia kila Alhamisi, peke yake, mlango umefungwa. Nyanya ndiye alikuwa kiti chake, mwili wa kukalia. Sasa hana kiti, na wewe unamwita. Atakukalia, madam."

"Mimi nimeokoka, Sundus. Hayo mambo ni yenu."

"Basi nirudishie kopo. Sisi wa damu ya nyanya tukiwa na udi wa huyo jini tunaweza kumwomba aende."

"Sijaona kopo lolote."

Kesho yake Sundus alihamishiwa kufunga sabuni.

Mambo yalianzia stoo. Kila alasiri ilisikika miguu mitupu ikitembea sakafuni, chap, chap, kama ya mtu aliyetoka kutawadha. Halafu ikaja harufu ya marashi, na nyuma ya marashi harufu ya beberu aliyenyeshewa. Wafanyakazi wakaanza kuomba ruhusa za ugonjwa. Wamuyu akawaita wavivu.

Jioni moja, adhana ya magharibi ikiwa ndiyo imekwisha, alikuwa ofisini akijibu barua pepe za wanunuzi aliposikia ile miguu ikipita nje ya dirisha, ikaingia mlango ambao haukufunguka, ikazunguka meza polepole, ikasimama nyuma yake, na kabla hajapata nguvu ya kugeuza shingo, kitu kizito na chenye joto kikajishusha mapajani mwake, kikajiweka sawa, kikavuta pumzi ndefu kama mzee aliyetoka safari, naye hakuweza kupiga kelele wala kuinuka wala kukumbuka hata mstari mmoja wa sala aliyozoea kuisali tangu utotoni. Tangu siku hiyo alitembea ameinama. Watu wakadhani ni uchovu.

Peterson mwenyewe aliiogopa ile miguu ya stoo, akamleta Maalim Saad, mtoa majini kwa kisomo. Maalim alisoma mpaka kanzu ikalowa jasho.

"Anasema ameitwa kwa udi wake halafu akatiwa kwa pakiti auzwe kama sabuni," alisema kwa sauti ya chini. "Ana hasira, dada yangu. Kusanyeni vijiti vyote, mwiteni mtu wa damu ya mwenye udi amwombe aende, kisha mvimwage mtoni. Leo hii."

Wamuyu alikuwa na nafasi yake hapo. Naapa alikuwa nayo.

"Baada ya uzinduzi," alisema.

Uzinduzi ulifana. Ukumbi wa hoteli ulijaa wanunuzi kutoka Naivasha hadi Eldoret, Peterson akawasha kijiti cha kwanza, na wageni wakawasha vya mezani mwao huku wakisifu. Makatoni yakaanza kubebwa kwenda kwenye magari. Lakini moshi haukupanda. Ulishuka chini ya meza zote, ukatambaa sakafuni kuelekea jukwaani alikoketi Wamuyu, naye akahisi mapaja yake yakilemewa, kisha kifua, kisha koo, akashuka ngazi akijikokota hadi kwenye meza ya sampuli alikowekwa Sundus.

"Mwombe aende," alisema akilia. "Tafadhali. Mimi ndiye nilichukua."

"Udi uko wapi?"

"Tulisaga. Uko kwa hivi vijiti."

"Vyote?"

"Vyote."

Sundus aliyatazama yale makatoni yakitoka mlangoni.

"Nyanya alimbeba maisha yake yote asiingie kwa nyumba ya mtu," alisema. "Na wewe ulimwibia hata kaburi halijakauka. Bila ule udi wote pamoja siwezi kumwomba. Na hata ningeweza, madam, kwako nisingeomba. Mbebe."

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Maagizo mapya yalimiminika wiki hiyo. Peterson alimpandisha Wamuyu cheo, akampa na simu ya wateja, ile ambayo namba yake imechapwa kwenye kila pakiti. Ikalia, akapokea.

"Halo, ni wa hizo vijiti?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Naivasha, ya kunong'ona. "Niliwasha moja kwa nyumba. Sasa kuna mzee amekaa kwa kitanda ya mtoto. Hatoki. Mtoto ameshindwa kuinuka. Nifanye nini, mama?"

Wamuyu alitaka kumwambia akizime kijiti, akitupe ndani ya maji, amchukue mtoto akimbie. Alifungua kinywa kwa nguvu zake zote. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, na ya upole mwingi.

"Washa kingine, mama."