Siku Tatu Bila Havijawa

Alfajiri, mnara wa mvunaumande ulikunjua mabawa yake ya kioo na kuanza kunyonya unyevu kutoka katika hewa kavu ya Dodoma. Jua lilipochomoza, nusu ya jiji ilikuwa inaoga na kuchemsha chai kwa maji yaliyotoka hewani, na hakuna aliyeona ajabu. Watu huzoea haraka.

Havijawa, mhandisi aliyeulea mnara huo tangu msingi, hakuwepo. Alikuwa nyumbani, ameikodolea macho simu isiyolia.

Ilikuwa amri ya Mpimakazi, akili mnemba iliyopewa kazi ya kumchagua Mkuu wa Minara Yote. Wagombea walikuwa wawili, na kila mmoja alitakiwa akae nyumbani siku tatu. Mhandisi Lwitiko wa mnara wa kaskazini alitangulia, na simu yake haikupoa. Mnara wake ulizimika, mtaa mzima ukaamkia ndoo tupu, mpaka bwana mkubwa mwenyewe akafuatwa nyumbani kwa gari la kuruka aje auwashe. Tangu hapo kantini haikuwa na hadithi nyingine.

"Bila mimi pale hakuna kitu," Lwitiko alisema, na wengi waliamini cheo ni chake.

Havijawa alikitaka cheo hicho kwa moyo wote. Siku ya tatu ilipokwisha bila simu hata moja, alilia. Miaka yote ile, kumbe hana maana.

Kesho yake, mbele ya Mkurugenzi Chilongani, Mpimakazi alimtaja Havijawa kuwa Mkuu.

"Samahani, Mkurugenzi," Lwitiko alisema. "Mimi nilipoondoka mnara ulikufa. Yeye hata hawakumkumbuka. Sasa anayehitajika hapo ni nani?"

"Mnara wake nao uliugua," Mpimakazi alijibu kwa upole. "Vumbi liliziba vichujio, hitilafu ileile iliyouzima wa kwako. Mafundi wake wakavisafisha wenyewe, na maji hayakukatika. Kwako, namna ya kuvisafisha unaijua wewe peke yako. Mwajiri akitaka kukupandisha cheo, huangalia kwanza unamwacha nani nyuma yako."

Lwitiko alikuwa fundi hodari kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Alivyojitahidi asing'olewe pale, amejipigilia misumari mwenyewe.

Havijawa alitoka mkutanoni moja kwa moja hadi mnarani. Dafrosa, ambaye alipoajiriwa hakujua hata kufungua valvu, alikuwa ameinama juu ya mtambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona hamkunipigia?"

"Tukupigie tukwambie nini? Kila Ijumaa unakunja mikono, unatuachia mtambo, na kazi yako ni kutuuliza kwa nini, kwa nini. Tumeshachoka kuulizwa." Dafrosa alicheka kidogo. "Halafu samahani, mama, umenizibia geji. Siisomi."

Havijawa akasogea pembeni. Hakuwahi kujivunia kitu maishani kama alivyojivunia kusogezwa siku ile.