Marehemu Alitembeaje

Ujumbe uliingia saa moja na dakika kumi asubuhi.

"Mtani amefiwa. Njoo na unga."

Dominika aliusoma mara moja, akaufuta, akachomoa laini ya simu, akaivunja kwa meno na kuitupa chooni. Meno yake yalikuwa mazuri. Kwao Sikonge wanakula asali sana, lakini mswaki wanaujua.

Gesti ilikuwa Katandala, mjini Sumbawanga, chumba namba sita. Kwa siku kumi na tisa pale alijulikana kama mama wa mitumba. Hakuna aliyejua kwamba chini ya lile rundo la magauni ilikuwa imelala Glock 19 na magazini mbili.

Akawasha simu ya pili, Tecno ya vitufe.

"Kibuyu hapa."

"Msafara unaondoka saa tatu." Ilikuwa sauti ya Mzee Lwitiko, mkuu wake wa kazi, mtu wa Tukuyu aliyejifanya fundi baiskeli mtaa wa pili. Ubaya ni kwamba watu walimletea baiskeli kweli. "Land Cruiser nyeupe, jeneza ndani. Kosta ya waombolezaji nyuma. Wanazika Wampembe."

"Kafa nani?"

"Wanasema Fransisko. Msiba wa nne nyumba ile ile tunayoichunguza, miezi mitatu. Na Wampembe hakuna kaburi jipya hata moja."

"Polisi wanasemaje?"

"Ule wa pili waliusimamisha. Wanawake wakalia, askari akavua kofia, akainua kizuizi. Nani anapekua maiti? Nami bila sababu ya kueleweka sipewi kibali."

"Ndani ni meno."

"Meno ya tembo. Boti inangoja ziwani saa kumi jioni. Yakivuka, na mtandao wote umevuka."



"Na Isdori?"

"Bado."

Isdori alikuwa mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na miwili. Siku kumi na tisa zilizopita aliingia nyumba ile kama dereva. Hakutoka. Kilichobaki ni koti lake la kijivu, kwenye msumari wa chumba namba sita, kifungo kimoja hakipo.

Yeye Mnyamwezi, Isdori Mfipa. Watani hao. Isdori alikuwa akimwambia Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani. Dominika alikuwa akimwambia aache radi yake, ule uchawi wanaosingiziwa Wafipa, mlangoni kabla ya kuingia ndani. Na walikuwa na agano.

"Ukitangulia," Dominika alimwambia siku moja, "nitavaa koti lako nikutembeze mtaa mzima."

"Mguu uuige vizuri," alijibu Isdori. "Usinitie aibu mbele ya mama yangu."

Dominika alilitazama koti. Hakutaka kulivaa. Koti la mtu huvaliwa hivyo akishakufa.

Akalivaa.

Akajipaka unga wa mahindi uso mzima, masizi kuzunguka macho, rangi ya mdomo mpaka masikioni. Shingoni akavaa shada la vizibo vya soda. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kipaza sauti. Sikioni akatia kisikilizio kidogo kama punje ya choroko.

Kisikilizio hicho kilikuwa na kazi nyingine. Yeye na Isdori kila mmoja alishonewa kitoa ishara ndani ya mkanda. Kila dakika kinagonga mara mbili sikioni mwa mwenzake. Tk-tk. Betri ya siku thelathini. Umbali mita arobaini, basi, na chuma cha gari kikikaa katikati hakisikiki.

Siku kumi na tisa hakikugonga. Ila upepo wa Ufipa ulipochezea bati, Dominika aliamka na kuapa kwamba amekisikia.

Alijitazama kwenye kioo. Aliyemtazama kutoka mle ndani hakuwa mama wa mitumba.

"Twende, bwana," akamwambia.

*

Boxer 150 ilipiga kelele kupanda na kushuka uwanda. Mashamba ya mahindi yamevunwa, mabua yamekauka. Upepo unasukuma. Watoto wa shule walikuwa wakimpungia yule mzuka mweupe kwenye pikipiki, kisha wakikumbuka kuogopa, wakikimbia.

Mbele, vumbi mbili. Land Cruiser. Kosta.

"Kibuyu kwa Fundi. Nawaona."

"Fuso yangu imetangulia Namanyere. Askari kumi na wawili chini ya turubai. Lakini sikiliza, sina sababu. Nipe sababu."

"Nikiipata nitasema kibuyu kimejaa."

Akachepuka njia ya ng'ombe, akayapita magari yote mawili kwa nyuma ya kilima, akaibukia kijiji cha mwisho kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda ziwani. Akaificha Boxer nyuma ya tanuru la matofali.

Kisha akalala katikati ya barabara.

Chali. Mikono kifuani. Ulimi nje.

Breki zikalia. Bampa ikasimama hatua tatu kutoka kwenye nyayo zake.

"We mama, toka njiani," dereva akasema.

Dominika akafumbua jicho moja. "Nani kaniamsha? Nyie Wafipa hata kufa mnakufa kwa makelele."

Mbele ya nyumba ya kwanza alikaa Bibi Gaudiosa, mwanamke wa miaka themanini, akipepeta maharage. Ndiye aliyecheka wa kwanza.

"Mtani huyo," akawaambia majirani. "Mnyamwezi. Njooni, msiba umepata mwenyewe."

"Shikamoo bibi," akasema Dominika, bado amelala.

"Marahaba, mpagazi wee. Umechelewa."

Watu wakatoka majumbani, wengine na majembe. Kila mmoja alijua kinachofuata. Mtani ana ruhusa ambayo polisi hana. Anazuia jeneza. Analikalia. Anavaa nguo za marehemu na kumwigiza, na wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Hakimu hajawahi kuandika kibali kikubwa namna hiyo.

Mlango wa Land Cruiser ukafunguka. Akashuka mtu wa suti nyeusi na miwani ya jua, viatu havijawahi kukanyaga shamba. Alijiita Christopha, kaka wa marehemu.

"Muondoeni huyu kichaa," akasema.

Ungo wa Bibi Gaudiosa ukasimama.

"Kichaa? Baba, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa. Mfipa."

"Mfipa wa mama yupi, anayemwita mtani kichaa mbele ya maiti?"

Christopha alitabasamu kama mtu aliyeng'atwa na siafu akiwa kanisani.

Dominika akainuka, akajikung'uta. "Tena mnampitisha mwenzenu kijijini kakaa garini kama mkuu wa wilaya. Abebwe."

"Abebwe," kijiji kikaitikia.

Christopha aliyatazama majembe. Akaashiria kwa kidole. Wanaume wanane wakalivuta jeneza na kuliweka mabegani.

Magoti yakatetemeka.

Kwenye boneti ya gari palikuwa na picha ya marehemu Fransisko, mtu mwembamba kama mpini wa jembe.

"Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani," Dominika akawaambia watu, "magoti ya mbebaji tunayajua. Huyu bwana alikula nini, mawe ya kusagia?"

Kijiji kikacheka. Wabebaji hawakucheka. Mmoja akateleza, na jeneza likashushwa chini, njiani hapo hapo. Dominika akalirukia, akalikalia kama mtu aliyepanda punda.

Tk-tk.

Alidhani ni upepo.

Akahesabu sitini, huku anatikisa mabega na kukonyeza wazee.

Tk-tk.

Kutoka chini yake.

Pale mkono wake ulitaka kwenda kwenye Glock iliyokuwa kiunoni. Koo lilitaka kupiga ukelele. Lakini uso ulikuwa umepakwa unga, na uso wa unga una sheria yake. Mtani halii. Mtani akilia, msiba umekosa mlango wa kutokea.

Akainua shingo, akaimbia mbingu kwa sauti ya ulevi: "Kibuyu kimejaa. Leteni mlevi, kibuyu kimejaa."

Sikioni: "Rudia."

"Kimejaa. Na aliyemo ni wa kwetu. Nimekalia kifua chake," akavinong'oneza vizibo vya shingoni.

Kisha Lwitiko, polepole: "Dakika kumi. Usilie, mama."

Dakika kumi.

Akasimama juu ya jeneza la Isdori na kuwageukia waombolezaji wa Kosta.

"Haya, wafiwa. Nimwigize ndugu yenu. Marehemu alitembeaje?"

Wakatazamana.

"Alikohoa vipi? Akila ugali, tonge kubwa au dogo?"

Mwanamke mmoja mwenye kanga mpya, bado ina mkunjo wa dukani, akajitahidi. "Alitembea... kawaida."

"Kawaida. Hata bata hatembei kawaida."

"Mume wangu kafa mwaka wa thelathini huu," Bibi Gaudiosa akasema, "na naweza kukuonyesha mpaka alivyokuwa anapanda kitanda. Nyie mmemlia tangu Sumbawanga, hamjui hata mwendo wake?"

Hapo ndipo kicheko kilipopungua. Mtu anaweza kukodi jeneza, gari na vilio. Mwendo wa mtu haukodiwi.

"Basi," akasema Dominika, "nitamtembeza ninayemjua mimi."

Akashuka.

Alikusudia hatua kumi tu. Mguu wa kushoto ukaburuta, kama ulivyoburuta wa Isdori tangu risasi ya Kigoma. Hatua mbili, bega likaruka. Mkono ukagusa kisogo, kana kwamba kuna kofia inataka kupeperuka. Hatua mbili, bega.

Kwenye hatua ya nne hakuwa akiiga tena. Mguu ulijiburuta wenyewe. Kikohozi kilichomtoka hakikuwa chake. Kilikuwa kizito, cha sigara za Sportsman, na kilimalizikia na kale kacheko ka puani.

Mbwa wa kijiji akarudi kinyumenyume mpaka uvunguni mwa kichanja cha vyombo.

Watu pale hawakumjua Isdori. Lakini waliona kwamba mtu amefika.

Christopha alivua miwani. Uso ulikuwa kama jivu la jana.

"Wewe," akasema taratibu. "Wewe tulikumaliza Jumatatu."

Kila mtu alisikia. Hata yeye alijisikia, kwa kuchelewa.

Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi. Maana yake zaidi ya wiki mbili Isdori alikuwa hai ndani ya nyumba ile, na Dominika alikuwa mtaa wa pili akiwapimia watu magauni.

Mkono wa Christopha ukaingia kwenye koti, ukatoka na Makarov.

Kosa la mwisho. Kijiji hakijapata kuona mfiwa akimwelekezea mtani bastola. Bibi Gaudiosa alirusha ungo, maharage na yote. Risasi ikaenda mawinguni. Dominika alikuwa tayari na konzi ya unga kutoka mfuko wa koti. Ukamjaa mtu yule machoni, puani, kinywani. Mguu uliokuwa ukiburuta ukakumbuka kazi yake, ukampiga gotini. Akaanguka. Makarov ikateleza kwenye changarawe.

Alipofumbua macho, mweupe kwa unga kama Dominika, Glock ilikuwa kwenye paji lake.

"Umenipenda?" Dominika akamuuliza. "Sasa tumefanana."

Wabebaji walitaka kukimbia. Wangekimbilia wapi, na majembe yamezunguka? Wanawake wa Kosta walikaa chini wenyewe, wakavua kanga za msiba, wakaanza kulia. Safari hii kilio kilikuwa cha kweli.

Fuso ikafika dakika ya tisa.

*

Walifungua misumari. Harufu ya kafuri ikatoka kwanza. Isdori alilala juu, ameshonewa sanda mpaka kidevuni. Chini yake, kwenye pumba za mpunga, meno kumi na manne. Walikuwa wamepiga hesabu vizuri: hata askari mkaidi akifungua, ataona uso wa mtu, ataomba radhi na kufunga.

Boti ilingoja Wampembe mpaka saa kumi. Waliokuwa ndani yake walikamatwa na askari waliovaa kama wauza dagaa.

Lwitiko aliukagua mwili, akaorodhesha. Kisha akamvuta Dominika pembeni.

"Mkanda wake siuoni. Ni kifaa cha serikali."

"Sijauona, Mzee."

"Umekaa naye peke yako saa nzima."

"Nilikuwa namtania. Kanuna, hajanijibu."

Lwitiko alimtazama usoni, pale unga ulipokatwa na mifereji miwili. Hakuuliza tena.

Jumamosi walimzika kwao, juu uwandani, upepo ukivuma. Padri alipomaliza, mama yake Isdori, Mama Mariana, mzee mfupi mwenye fimbo, aliangaza watu wote.

"Mtani wake yuko wapi? Mwanangu hazikwi kama mbwa."

Kutoka nyuma ya umati likaja koti la kijivu. Hatua mbili, bega. Mkono kisogoni. Mama Mariana aliweka kiganja mdomoni, kisha akacheka mpaka akashikiliwa, kisha hakuwa anacheka tena.

"Ndiye," akasema. "Mguu umeupatia."

Saa tisa Dominika alinawa uso kwenye beseni, akaaga, akaondoka kwa miguu. Hakugeuka nyuma. Alihesabu mita kutoka kaburini, kwa hatua za kawaida, mikono mifukoni, kisikilizio bado sikioni.

Ishirini. Thelathini.

Kwenye thelathini na tisa akasimama. Akawasha sigara asiyoivuta.

Tk-tk.

Kule kaburini, ndani ya mkanda, ilibaki betri ya siku tisa.

"Mfipa wewe," akasema, "hata huko hunyamazi."

Akaiacha sigara kwenye jiwe, ikiwaka, akapiga hatua moja mbele. Mguu wa kushoto ulichelewa kidogo kumfuata.