Jina Ambalo Diski Ililikataa

Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosemwa. Nimefanya kazi kwenye bandari ya mto Lualaba hapa Kindu miaka kumi na minane, na kule hakipiti kipindi bila mtu kuapa kwamba amemwona mamba aliyevaa saa. Nacheka, napita. Lakini hili halikumpata mtu wa mbali. Lilimpata Aïcha, dada yangu wa tumbo moja, na kosa ni langu kuliko lake. Ndiyo maana nalisimulia mwenyewe, kabla wengine hawajalitia chumvi.

Aïcha ana duka la kuchapa na kutoa fotokopi karibu na stesheni ya treni. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Kompyuta yake ni ile ya mezani, ya zamani, ina sanduku linalonguruma chini ya meza kama mzee mwenye kifua. Jumanne ile ilianza vizuri tu. Jua liliwaka mapema, betri za sola zikajaa, wanafunzi wakaja na kazi zao. Mimi nilipita kunywa chai, dada akanitania kwamba shati langu limemaliza muda wake duniani. Saa nne wakaingia wazee wawili wa msikiti wa mtaani, wamebeba bahasha za picha.

Walitaka orodha. Kuna watu wa mtaa wetu waliopotea miaka ya vita, ambao hakuna aliyewaona wakifa wala aliyewazika. Jumapili ya juma la pili wangesomewa hitma wote kwa pamoja, jina kwa jina, kila jina na picha yake. Kompyuta ya dada ilikuwa imejaa hadi shingoni, kwa hiyo kazi ile aliiweka kwenye diski ya nje, ile ndogo nyeusi inayochomekwa kwa waya. Alichapa majina mia moja na nne bila tatizo. La mia moja na tano lilikuwa la mume wake.

Zuberi Tambwe alichukuliwa mchana, mwaka wa tisini na nane, akitoka kazini kwenye karakana ya reli. Wanajeshi walihitaji watu wa kubeba mizigo hadi Shabunda. Siku kumi tu, walisema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na nilimlilia kuliko nilivyomlilia baba. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, hana hata mtoto. Akangoja siku kumi. Akangoja miaka kumi. Ikafika ishirini na mitano. Hakukaa eda, maana eda hukaliwa kwa ajili ya mtu aliyekufa, na yeye hakukubali kumwita mumewe marehemu. Wanaume walikuja, akawarudisha. Wa mwisho alikuwa Djuma, mwashi, mtu mpole, na huyo alikuwa anangoja jibu mwaka wa tatu. Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa. Nilimwona dada akizeeka kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, nami nilitaka aishi.

Wazee walikuwa wamemwachia nafasi. "Kama unataka, mama," walisema. "Jina lake likisomwa, utakaa eda yako, na kisha utakuwa huru."

Nilikuwepo alipoliandika. Akabonyeza kuhifadhi. Kompyuta ikatoa ule mlio wake wa kushuka, tu-dung, na diski ikatoweka kwenye kioo kana kwamba mtu ameichomoa. Waya ulikuwa umechomekwa vilevile.

"Imekatika," dada akasema.

Akaichomoa, akaichomeka tena. Ikarudi. Majina mia moja na nne yapo, la Zuberi halipo. Akaliandika mara ya pili.

Tu-dung.

Jumamosi tulimwita Mike, fundi mwenye mvi aliyeanza na redio za betri zamani kabla kompyuta hazijafika Kindu. Mike haamini mizimu, anaamini umeme.

"Ni courant, mama," akasema. "Ile tundu ya mbele haina nguvu. Tuweke ya nyuma."

Akaichomeka nyuma. Dada akaandika, diski ikakatika. Akabadilisha waya. Ikakatika. Akaingia ndani ya mipangilio, mahali ambapo kompyuta hujiamulia kulaza matundu yake ili kuokoa umeme, akaizuia isilaze kitu. Kisha akaibeba diski kwenda nayo kwake. Aliichomeka kwenye mashine yake mwenyewe tangu jioni ile hadi Jumatatu, ikipiga muziki bila kusimama. Haikukatika hata mara moja.

Jumatatu akairudisha, anatabasamu. Dada akaandika jina. Tu-dung.

Mike akavuta kiti akakaa yeye. Akaandika mahali pale jina la Espérance, jirani yetu aliyepotelea mtoni wakati wa vita, aliyekuwa bado hajaingizwa. Diski ikalipokea. Akalifuta, akaandika Zuberi Tambwe. Diski ikaondoka. Akaandika Espérance. Ikakaa. Akaandika Zuberi, polepole, herufi moja moja. Ikaondoka. Chumbani mlikuwa na joto, lakini niliona vinyweleo vimemsimama mikononi.

"Shida ni nini, Mike?" nikauliza.

"Disque iko mazima," akanong'ona bila kunitazama. "Machine iko mazima. Mimi natengenezaka mashine, ndugu yangu. Hii haiko ya mashine."

Akakusanya bisibisi zake akatoka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kwetu, kifo hakijawa kifo mpaka mwenye mtu, mke au ndugu, aseme. Mwenye mtu akinyamaza, majirani hawawezi kukaa matanga, mke hawezi kukaa eda, na marehemu mwenyewe, wazee husema, hubaki njiani. Mimi nisiyeamini kitu, siku ile niliamini hilo. Nilijiona nimeelewa. Nilijiona mwerevu kweli!

"Yaya," nikamwambia dada jioni ya Jumanne, tumekaa uani. "Ni Zuberi njo anakataa. Anataka useme weye mwenyewe, na kinywa yako. Umemushika miaka yote hii. Umuachilie apumzike."

"Na kama hakukufa?"

"Miaka makumi mbili na tano, yaya. Angekuwa muzima, hangekuya?"

Alichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Juma hii yote, moyo iko naniambia anakuya," akasema.

"Moyo iko nakudanganya."

Hayo ndiyo maneno yangu. Ninayo tumboni hadi leo, hayatoki.

Alhamisi akakubali. Mimi nilikwenda zangu bandarini, yeye akabaki peke yake. Alinieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Aliwasha kompyuta, akachomeka diski, akaandika jina. Hakubonyeza haraka. Adhana ya alasiri ilikuwa ndiyo inaanza. Akasema kwa sauti, chumbani hamna mtu, "Zuberi amekufa. Ni mimi muke wake nasema."

Akabonyeza.

Hakukuwa na mlio. Diski ilitulia. Jina likaingia, na picha yake ikaingia chini yake. Dada alilia, kisha akaosha uso. Alihisi mwepesi, aliniambia. Alihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu awe msichana.

Adhana ileile niliisikia nikiwa ukingoni mwa Lualaba. Mtumbwi ulikuwa katikati ya mto, unatoka ng'ambo ya Alunguli, una abiria saba na mbuzi. Nilikuwa nautazama tu, sina sababu. Nikaona abiria wanainuka na kusogea mbali na mmoja wao. Mtumbwi ukayumba. Wakakaa. Mpiga kasia akaongeza mbio.

Walifika kimya. Watu wa mtumbwi hawafiki kimya, wale hufika wakigombana. Katikati alikaa mzee mmoja, mwembamba, fimbo katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa wazi. Yalikuwa yanaangalia upande wetu.

"Alikuwa anasema," mpiga kasia akaninong'oneza. Midomo ilikuwa imemkauka. "Alikuwa anacheka hata. Anasema ametembea na miguu toka Shabunda. Anauliza kama mama moja angali anakaa karibu ya gare, pale stesheni."

"Mama gani?"

"Aïcha."

Nikageuka kumtazama yule mzee.

"Ile adhana njo ilianza," akaendelea. "Akanyamaza tu. Katikati ya neno."

Nilishuka majini na viatu vyangu. Nikamshika mkono. Ulikuwa bado una joto. Nikamtazama usoni, nikauondoa uzee ule kidogo kidogo kwa macho, na chini yake alikuwapo. Zuberi. Shemeji yangu. Alikuwa amenyoa ndevu asubuhi ile. Alikuwa amejikata kidogo kidevuni, na damu ilikuwa haijakauka vizuri.

Sikumbuki nilivyofika stesheni. Dada aliniona usoni akajua kuna msiba, ila hakujua ni wa nani. Nilifungua kinywa, sikuweza kusema. Neno lenyewe alikuwa ameshalisema yeye.

Tulimzika Ijumaa baada ya swala. Daktari alisema ni moyo. Watu walisema ni uchovu wa safari. Kwamba alikata roho saa ileile dada alipotamka, tulijua wawili tu. Aïcha akaingia eda, akavaa nyeupe, akakaa. Hakunilaumu. Ningempa chochote anilaumu, anitukane, anipige kofi. Aliniambia tu nimletee maji.

Jumapili hitma ilisomwa. Jioni, jua likiwa bado juu ya mapaa, Mike alikuja kutoa pole. Nilimwomba aifute ile orodha, sikutaka ikae nyumbani. Orodha ilichapwa Alhamisi ileile, na tangu hapo diski ilikuwa imefungiwa kwenye droo, na ufunguo ninao mimi. Nikaitoa, akaichomeka.

"Kuna vipande," akasema.

Akanieleza kwamba diski ikikatika wakati inaandika, huacha faili bovu, nusu nusu, ambalo mwenye kompyuta halioni. Kwa kawaida huwa na takataka tupu. Yalikuwapo, kila moja na tarehe yake. Akafungua la kwanza, la Jumanne ile ya mwanzo. Majina mia moja na nne yalikuwa sawa. Mahali pa mia moja na tano, badala ya Zuberi Tambwe, paliandikwa neno moja.

Shabunda.

"Ni nani aliandika ile?" Mike akauliza. Nikamwashiria aendelee. La pili, la siku ileile, Shabunda. Mawili ya Jumamosi yalikuwa na jina la kijiji nisichokijua, kile kile mara mbili. Matatu ya Jumatatu, Kalima, Kalima, Kalima, mji ulio njiani kati ya Shabunda na Kindu.

Alikuwa njiani. Kila tulipomwandika na wafu, alituambia amefika wapi.

Nilidhani yamekwisha. Mike hakuondoa mkono kwenye kipanya. Lilibaki moja, la nane. Jina la faili halikuwa tofauti na mengine, lakini tarehe yake ilikuwa ya leo, Jumapili. Akaangalia saa yake, akaangalia kioo, akaangalia saa tena. Liliandikwa robo saa iliyopita. Robo saa iliyopita diski ilikuwa ndani ya droo, bila waya, na sisi tulikuwa uani na wageni.

"Usifungue," nikamwambia.

"Fungua," sauti ikasema nyuma yetu. Dada alikuwa amesimama pale, sijui tangu lini.

Mike akafungua. Majina mia moja na nne. Kisha lile neno moja.

Mlangoni.

Hakuna aliyebisha hodi. Nje hapakuwa na hata sauti ya mtu. Nilimshika dada mkono, akautoa taratibu, akajitanda vizuri kitambaa chake cheupe, akaenda kufungua.